Kilio Katika Nyumba ya Delphin

Mama Nadège hakukataza vitabu. Jambo hilo lisemwe kwanza, kwa sababu huko Butembo sasa kuna wamama wanaosema kwamba yote yalitoka kwenye vitabu, kwamba mutoto akisoma habari za wafu anawaita wafu, na wanachukua vitabu vya watoto wao kuwashia makala ya jiko. Waache vitabu. Wasikilize namna mambo yalivyokuwa, halafu kila mama ajiulize yeye mwenyewe angefanya nini.

Jina lake ni Monique, lakini tangu alipozaa watu wanamuita kwa jina la mutoto. Anauza maharagi sokoni Butembo. Alisoma mpaka darasa la sita akaishia hapo. Mutoto wake Nadège, mwenye miaka kumi na sita, alishamupita mbali. Mwalimu wake wa Kifaransa, Benoît, mutu wa Kasai aliyeletwa na serikali, alikuja Butembo na katoni moja ya riwaya, na karibu zote zilikuwa za kutisha. Nadège aliazima moja, akarudisha, akaazima mbili. Mwaka haukwisha, katoni ilikwisha. Halafu akagundua kwamba vingine kati ya vitabu hivyo vilitengenezwa film. Kuna kijana karibu na rond-point, pale barabara zinapozunguka, anayeweka film kwenye carte memoire za simu, na Nadège akawa mteja wake.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Kwanza kitabu, nyuma film. Mutu akimuambia "njoo tuangalie hii" na yeye hajasoma kitabu chake, alikataa kabisa, kama mutu anayekataa kula mbele ya kuomba.

Mangaribi Monique alikuwa anachagua mawe katika maharagi, na Nadège alikuwa anamusimulia.

"Maman, sikia. Mwanamke iko peke yake mu nyumba. Bwana alikufa. Kila asubui anakuta sahani mbili ku meza, na yeye aliweka moja."

"Ni panya."

"Panya inaweka sahani na kijiko?"

"Panya ya bazungu, unaijua?"

Nadège alicheka mpaka akamwaga maharagi. Lakini aliendelea, na sauti yake ikashuka.

"Yeye haliye, maman. Hakimbiye. Anakaa, anakula. Siku ingine anapika mingi kidogo."

Mukono wa Monique ulisimama katika maharagi. Kesho yake, mbele ya kuwasha moto, aliangalia sahani zake namna zilivyokaa, akajicheka. Ukweli ni kwamba alipenda. Alipenda kukaa na mutoto wake mukubwa na kuogopa pamoja naye kitu ambacho hakiwezi kuwafikia. Katika jimbo hili, woga wa namna hiyo ni kama sukari.

Siku film ya kitabu kile ilipopatikana, Nadège alirudi na uso wa kufiwa.

"Bameiharibu. Anaona sahani, anapiga makelele dakika tatu. Nilihesabu."

"Sasa ulitaka afanye nini?"

"Anyamaze. Kama yeye ananyamaza, ndio weye unalia."

Hata hivyo aliiangalia mara saba. Monique alimuuliza kwa nini anarudia kitu kilichoharibika.

"Imeharibika, mais imeharibika muzuri," Nadège alijibu.

Congé ya Pasaka ilipofika na shule kufungwa, walikwenda Beni, kwa Myriam, mudogo wa Monique. Myriam na bwana wake Delphin wanakaa Mulekera, kwenye avenue ya mwisho. Nyuma ya nyumba yao kuna mihogo, na nyuma ya mihogo kuna kakao ya Delphin, na nyuma ya kakao ni pori. Delphin hutoka na panga lake saa moja asubui na kurudi saa kumi na mbili. Siku za harusi anakodisha bafle, kile kisanduku kikubwa cha sauti, chenye kimo cha mutoto wa miaka sita. Kinakaa salon, kimefunikwa kitambaa kama mugonjwa.

Mutu wa Butembo akifika Beni anapaswa kufundishwa jambo moja, na Myriam alimufundisha dada yake siku ya kwanza. Mutu akisikia dalili ya wauaji, wale wanaotoka porini kuchinja watu, anachukua sufuria na kulipiga. Jirani akisikia sufuria, haulizi kitu, naye anachukua lake, na filimbi, na kila kitu chenye kulia. Kwa dakika tano muji mzima unajua. Watu wanashika watoto na godoro wanakimbilia barabara kubwa, na askari wanakimbia upande mwingine, kule kelele ilikotokea. Hakuna anayeuliza nani alianza. Anayesimama kuuliza ndiye anayebaki.

"Na kama mutu alijidanganya?" Monique aliuliza.

"Mwezi uliopita kijana mumoja alipiga filimbi kwa muchezo. Bamemupiga na mawe. Iko hospitali mpaka leo, sura yake huwezi kuijua."

Walikuwa wanaongea hayo wakitembea kwenda soko la Beu, siku ya tatu, kiisha chakula cha muchana. Myriam alikuwa na mutoto mudogo mugongoni. Nyumbani waliwaacha Nadège na Falonne, binti wa Myriam wa miaka kumi na mine, ili waoshe vyombo na kupika sombe ya majani ya mihogo.

Hawakuosha. Falonne aliambiwa habari ya mwanamke wa sahani mbili tangu siku ya kwanza, na sasa alitaka kuona. Nadège alitaka kumuonyesha tofauti: amusomee ukurasa kutoka kitabu cha mwalimu, halafu amuwekee film mahali pale pale, arudie hata mara tatu, ajue namna walivyoharibu. Wakafunga mulango. Wakafunga madirisha na kuweka vitenge, maana film ya namna ile haiangaliwi kwenye mwanga. Simu ilikuwa na sauti ndogo. Falonne akatoa kitambaa juu ya bafle ya baba yake.

Saa kumi na robo Monique alikuwa ameshika samaki wa chumvi akibishana bei, na muuzaji akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa anasikiliza. Monique akasikia naye: mbali, upande wa Mulekera, kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Masufuria.

Muuzaji hakukusanya hata samaki zake. Kwa dakika moja soko lilikuwa migongo tu. Myriam alimushika Monique mukono.

"Twende ku barabara."

"Batoto."

"Falonne anajua. Atamupeleka Nadège. Ni vile tunafanya, dada, kila mutu anakimbia na wale beko naye, tunakutana ku paroisse, ku kanisa. Twende."

Monique alitoa mukono wake. Myriam alimuita mara mbili, lakini alikuwa na mutoto mugongoni na watu walikuwa wanamusukuma, akapelekwa.

Monique alikimbia akipingana na watu. Aliona mutu na mbuzi shingoni, mwanamke aliyevaa kiatu kimoja, pikipiki yenye watu watano. Aliuliza kila binti aliyepita kama ni Falonne. Kijana mumoja alimupigia kelele: "Mama, unaenda wapi? Bameingia kwa Delphin. Banachinja kwa Delphin."

Kutoka hapo hakumbuki njia. Anakumbuka avenue tupu, kuku wakitembea peke yao, na moto wa makala ukiwaka chini ya sufuria la mutu. Na mbele yake nyumba ya mudogo wake, mulango umefungwa, madirisha meusi. Ndani mwanamke analia.

Hakikuwa kilio cha musiba. Ilikuwa sauti ya mutu anayekatwa, ndefu, inapanda, inakatika, inapanda tena. Monique akasema moyoni: ni Nadège. Mama anajua sauti ya mutoto wake, wanasema hivyo. Yeye alikuwa na hakika.

Na hakuingia. Wamama, hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kila mmoja wetu anasema angeingia, angevunja mulango kwa kichwa. Monique naye alisema hivyo miaka yote. Miguu yake ilimupeleka nyuma ya jiko la inje, akainama kati ya ukuta na pipa la maji, akajifunika mudomo kwa kitenge, akamusikiliza mutoto wake akifa. Alikuwa anaomba iishe upesi. Hakuomba kitu kingine.

Halafu kilio kikakatika, na violoni zikapiga.

Alibaki pale akisikiliza. Ilikuwa muziki mutamu, wa polepole. Kiisha sauti ya Falonne ikasema wazi, "Ni kweli, mu kitabu ni muzuri kupita," na sauti ya Nadège ikajibu, "Si nilikuambia?"

Alisukuma mulango. Wale wawili walikuwa wamekaa chini na sahani ya karanga kati yao. Monique alinyofoa waya wa bafle kwa nguvu mpaka cheche ikatoka, na katika ukimya ule masufuria yakaingia nyumbani, yote, kutoka kila upande wa Mulekera. Watoto walitumbua macho. Hawakuwa wameyasikia.

"Ni nini?" Nadège aliuliza.

"Ni weye," mama yake akasema.

Alitoa carte memoire kwenye simu na kuificha katika fundo la kitenge, mahali anapofungia pesa. Falonne akamusaidia kufunga. Alichofikiri wakati ule ni kitu kimoja tu: kijana aliye hospitali, sura ambayo huwezi kuijua. Aliona mawe. Aliona uso wa Nadège.

"Hamukusikia kitu. Hamukuangalia kitu. Mulikuwa mumelala. Mutu akiuliza, mulikuwa mumelala."

"Maman, mais ni film tu, tukieleza..."

"Nyamaza."

Viatu vilisikika inje. Alikuwa Salomon, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa ule, mutu wa makamo mwenye kofia ya mupira, na nyuma yake askari kumi hivi na kapitani wao, wote wakihema. Mama Anne-Marie, jirani, alikuwa nao, mwanamke muzee aliyekimbia wauaji kijijini kwake miaka mitatu iliyopita. Sufuria lilikuwa bado mukononi mwake. Ni yeye aliyelipiga la kwanza.

"Muko bazima?" Salomon aliuliza. Aliangalia ndani, hakuona damu. "Mama, ni nani alilia mu hii nyumba? Huyu muzee alisikia mwanamke. Batu makumi mbili balisikia."

Monique alisimama mulangoni, akiujaza. "Ni mimi nililia. Niliwaona. Walipita."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Walielekea wapi?" aliuliza kapitani, na hakuwa na muda wa kusubiri.

Mutu akidanganya kwamba watu wamepita, anapaswa kuwapitisha mahali. Monique hakuwa na mahali. Mbele kulikuwa avenue, kushoto nyumba za watu, kuume nyumba za watu. Akanyoosha mukono nyuma ya nyumba.

"Kule. Ku kakao."

Kapitani alisema maneno machache ya Kilingala, na askari wakaingia katika mihogo, wawili wawili, wameinama, bunduki mbele. Kwa muda mufupi majani yalitikisika, kiisha yakatulia. Salomon akarudi barabarani kuzuia watu wasirudi mapema. Mama Anne-Marie alibaki amekaa juu ya jiwe, akipumua.

Monique akafunga mulango. Alisikia furaha, ndiyo, furaha, kwa sababu ilikuwa imepita na mutoto alikuwa muzima.

Falonne alikuwa amesimama katikati ya salon. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Mama mukubwa," alisema. "Papa iko ku kakao."

Monique alimuangalia kama anayeongea luga ingine.

"Iko na panga. Iko peke yake. Iko na koti yake ya zamani, ile ya rangi ya majani."

Kila mutu wa Beni anajua kitu ambacho Falonne alikuwa anasema. Kiisha masufuria kulia, mwanaume mwenye panga katika kakao hana jina. Haulizwi. Na mwanaume anayesikia masufuria na kuona bunduki zikija hasimami kueleza. Anakimbia, na anayekimbia ndiye.

"Piga simu," Monique alisema.

"Simu yake iko hapa. Ni ile tulikuwa nayo ku film."

Nadège alikuwa ameshika mulango tayari. Monique alimurukia na kumushika mukono kwa mikono yote miwili.

"Uko unaenda wapi?"

"Kusema."

"Batakuua. Ngoja kidogo. Baba yako mudogo ni mutu wa hapa, anajua kujificha. Ngoja nifikiri."

"Maman, niachilie."

"Ngoja."

Hakufikiri kitu. Alishika tu. Ilikuwa dakika ngapi, hawakubaliani mpaka leo. Nadège anasema tano, Monique anasema mbili. Falonne alikuwa amepiga magoti anaomba Baba Yetu na anakosa maneno. Na Monique, mama wa kanisa, mwenye kuvaa kitenge cha Mamans Catholiques kila Jumapili, alikuwa anapima bwana wa mudogo wake na binti yake kama kilo za maharagi, na mizani ilikuwa inalala upande mumoja.

Risasi mbili zikalia katika kakao.

Nadège alimuuma mama yake mukono, akatoka.

Alikimbia mpaka kwa Salomon, mbele ya watu wote waliokuwa wameanza kurudi, na akasema kwa sauti ya darasani, kama anayejibu mwalimu: "Chef, hakuna wauaji. Ni film. Niliiweka ku bafle. Ni mimi. Papa Delphin iko mu kakao, uwaite askari barudi."

Salomon hakuuliza mara ya pili. Alikuwa na namba ya kapitani na akaipiga pale pale, akaipiga tena, na mara ya tatu ikaingia. Alipomaliza ndipo watu walipobadilika. Mwanaume mumoja aliweka godoro lake chini, polepole, akachukua jiwe. Mwanamke aliyekuwa na mutoto mwenye mukono uliovunjika kwa kuanguka muferejini wakati wa kukimbia alisogea mbele. Monique alifika akihema na kumukumbatia Nadège kwa nyuma, akimufunika kichwa.

Ni Mama Anne-Marie aliyepenya kati yao, na sufuria lake.

"Mwanamke yule nilisikia," alimuuliza Nadège. "Hakufa?"

"Hapana, mama. Ni muchezaji. Anajifanya."

"Analipwa kulia vile?"

"Ndiyo, mama."

Mwanamke muzee aliangalia chini ya sufuria lake, mahali lilipobonyea. "Bamulipe mingi," akasema. "Mimi nilimujua. Nilisema ni dada yangu."

Hakuna aliyecheka. Lakini mwenye jiwe aliliangusha, na Salomon akatumia nafasi hiyo kusema kwa ukali kwamba mutoto huyo na mama yake watajibu kesho kwenye bureau ya quartier, ofisi ya mutaa, na kwamba asiwaguse mutu.

Delphin alirudi mbele ya jua kutua, katikati ya askari, mikono imefungwa kwa kamba yake mwenyewe ya kufungia mifuko. Walimufungua barabarani. Uso na koti vilikuwa udongo mutupu. Risasi zilipita juu yake, moja ilikata tawi lililomuangukia. Alisema alijilaza kifudifudi na kupiga kelele jina lake, jina la baba yake, la avenue, la padri, mpaka sauti ikakwisha. Kweli sauti haikuwapo, alikuwa ananong'ona. Alipofika kwa Falonne alimuweka mukono kichwani na hakuutoa.

Myriam alikuja akikimbia kutoka paroisse, mutoto akilia mugongoni. Alimugusa bwana wake mabega, kifua, tumbo, kama anayetafuta tundu. Hakulikuta. Kiisha akageuka.

"Banasema ni film. Ile nimeelewa. Batoto ni batoto." Alikuwa anasema polepole. "Mais askari balienda moja kwa moja ku kakao. Mbona balienda ku kakao? Nani aliwaambia kakao?"

Nadège alifungua mudomo. "Ni mimi, mama mudogo, ni mimi nilisema..."

"Si yeye," Monique akasema.

Sauti yake haikutoka vizuri, akarudia. "Si yeye. Ni mimi. Nilijua ni film. Nilishaijua mbele ya wao kufika. Niliogopa watamupiga."

Myriam hakupiga kelele. Alimuangalia dada yake, yule aliyemubeba mugongoni wakati walikuwa watoto, na ilionekana anamutafuta usoni na hamuoni.

"Ulijua Delphin iko kule."

"Nilisahau."

"Na kiisha kukumbuka?"

Alama ya meno ya Nadège ilikuwa bado nyekundu juu ya mukono wa Monique, na Myriam aliiangalia, akaangalia mudomo wa Nadège, akaelewa bila kuambiwa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Nionyeshe," akasema. "Ulinyoosha mukono namna gani? Fanya tena, nione."

Watu walisimama. Delphin akasema "Myriam, acha" kwa ile sauti yake iliyokwisha, lakini Myriam hakuacha, alingoja. Na Monique, mbele ya binti yake, mbele ya shemeji yake aliye muzima, akainua mukono na kuunyoosha nyuma ya nyumba, kule kwenye miti.